Seli za kinga zinafanya nini kwenye kongosho la mtoto aliye tumboni?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Nyalenda, Kisumu. Binti yake wa miaka 9 ana kisukari cha aina ya kwanza na anadungwa insulini tangu mwaka juzi. Hospitalini mama aliambiwa kwamba kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe ndiyo iliyoshambulia kongosho. Sasa kaka wa msichana, aliye kidato cha nne huko Nakuru, amerudi likizo akisema amesoma kwamba seli za kinga husaidia kujenga kongosho mtoto angali tumboni. "Nimechanganyikiwa," ameandika mama. "Kama zinajenga, mbona zikabomoa? Mimba yake ilipokuwa ya miezi mitatu niliugua malaria vibaya. Je, hiyo ndiyo iliyoharibu? Na mdogo wake wa miaka 4, naye yuko hatarini?"

Mama, kijana wako hakukosea, na waliokuhudumia hospitalini hawakukosea. Wote wamesema kweli, ila wamezungumzia seli tofauti katika nyakati tofauti za maisha ya mtoto. Lakini kabla ya hayo nijibu lile ninaloona ndilo linakunyima usingizi: hakuna ushahidi kwamba malaria ya mjamzito humletea mtoto kisukari cha aina ya kwanza. Sababu nitazieleza mbele. Nimelitanguliza kwa kuwa akina mama wengi wanaoniuliza kuhusu ugonjwa huu huanza kwa kujilaumu, na lawama hiyo haina msingi.

Tuanze na kongosho lenyewe, maana wengi hawajawahi kuliona. Siku ukichinja kuku na kumpasua, tafuta kitanzi cha kwanza cha utumbo baada ya firigisi. Utumbo pale hushuka kisha hupanda tena, na katikati ya mikono yake miwili kuna ukanda mwembamba, laini, wa rangi iliyopauka, kati ya waridi na manjano. Kwa kawaida hutupwa pamoja na uchafu mwingine. Hilo ndilo kongosho la kuku. Letu sisi liko nyuma ya tumbo la chakula, kichwa chake kikiwa kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba vilevile. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na kuvimwaga utumboni. Lakini ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, alivieleza mwaka 1869. Tunaviita visiwa vya Langerhans. Vyote kwa pamoja ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho zima, na humo ndimo zimo seli za beta zinazotengeneza insulini. Hizo seli za beta ndizo binti yako amezipoteza. Sehemu iliyobaki ya kongosho lake ipo, na inaendelea kusaga chakula.

Mwishoni mwa wiki ya 4 baada ya mimba kutungwa, wakati akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito, ukuta wa utumbo mchanga wa mtoto hutoa chipukizi upande wa nyuma. Jingine hutokea upande wa mbele karibu na ini, kisha huzunguka kulifuata la kwanza, na kati ya wiki ya 6 na ya 7 yanaungana kuwa kiungo kimoja. Seli za machipukizi hayo hutambulika kwa jeni iitwayo PDX1. Panya wa maabara walioondolewa jeni hiyo huzaliwa bila kongosho kabisa. Machipukizi hugawanyika matawi matawi, na ndani ya matawi hayo seli chache huwasha jeni nyingine, Neurojenini 3. Seli iliyoiwasha huacha kugawanyika, huchomoka kutoka ukuta wa mfereji, huhamia kwenye tishu ya pembeni, na huko hukutana na wenzake kuunda kisiwa. Panya wasio na Neurojenini 3 huzaliwa bila seli hata moja ya insulini na hufa kwa kisukari siku chache baada ya kuzaliwa.

Nakuomba ushike hatua hiyo moja, ya seli kuacha kugawanyika na kuhama. Ni hatua ngumu. Seli inayogawanyika ikiacha mapema mno, kongosho litakuwa dogo. Ikichelewa, visiwa havitaundika. Nani anaiambia kwamba wakati umefika? Kwa miaka mingi tumejua kwamba sehemu ya jibu iko nje ya chipukizi. Mwaka 1962 Golosow na Grobstein, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba ukilitenganisha chipukizi la kongosho la panya na tishu laini inayolizunguka, halikui inavyopaswa. Ukilirudishia tishu hiyo, linaendelea. Tishu hiyo laini ina mambo mengi ndani yake: seli za kushikilia, mishipa ya damu, neva. Na ndani yake, tangu mapema kabisa, zimo pia seli za kinga.

Hapa ndipo somo la shuleni linapotufungia macho. Tulifundishwa, na watoto wetu wanafundishwa hadi leo, kwamba chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kwa mtihani inatosha. Lakini ukiishia hapo huwezi kuelewa kwa nini askari wafike kwenye kongosho la mtoto mwenye ukubwa wa punje ya mchele, ndani ya mji wa mimba, mahali ambapo hakuna adui wa kupigana naye.

Seli zinazofika huko huitwa makrofaji. Ni seli kubwa za kinga ambazo hazizunguki na damu kama nyingine, bali hukaa ndani ya tishu. Kazi yao inayojulikana zaidi ni kumeza: vijidudu, seli zilizokufa, mabaki. Seli za namna hii zilipata maana mpya mikononi mwa Élie Metchnikoff, ambaye hakuwa daktari wa magonjwa bali mtaalamu wa wanyama aliyechunguza jinsi viumbe vichanga vinavyokua. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma miiba midogo ya waridi ndani ya kiluwiluwi wa kiti cha pweza, kiumbe cha baharini chenye mwili unaopitisha mwanga. Kesho yake akaona kwa hadubini seli zimekusanyika kuizunguka miiba. Kwa kazi hiyo na iliyofuata alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Lakini Metchnikoff huyohuyo aliziona seli za kumeza zikifanya kazi pia kwenye mkia wa chura mchanga, mkia unapotoweka ili chura akomae. Kwa maoni yangu tumekumbuka miiba yake na kuusahau mkia, na ndiyo maana habari aliyokuletea kijana wako inaonekana ngeni.

Zinatoka wapi seli hizo wakati mtoto hana hata mifupa yenye uboho? Wafugaji wa kuku wanaotumia mashine ya kuangulia, iwe Nakuru au Kisumu, wanaweza kukuonyesha. Siku ya 5 hivi huzima taa na kumulika mayai kwa tochi. Yai lisilo na kitu huangaza lote. Lenye uhai huonyesha doa jeusi, na kutoka kwenye doa hilo mishipa myembamba myekundu imetanda kila upande. Mishipa ile haiko ndani ya kifaranga. Iko kwenye utando unaofunika kiini cha yai, na katika utando huo ndimo inamotengenezwa damu ya kwanza ya kifaranga, pamoja na makrofaji zake za kwanza. Binadamu naye ana mfuko huo wa kiini, mdogo na usio na akiba ya chakula, na damu huanza kutengenezwa humo katika wiki ya 3. Baadaye kazi huhamia kwenye ini la mtoto, kisha kwenye uboho wa mifupa. Makrofaji za mwanzo husafiri kutoka kwenye mfuko hadi ndani ya mwili mchanga na kuingia kila kiungo kinachoanza kuumbika. Katika panya imeonyeshwa, mwaka 2010, kwamba seli za kinga zinazoishi kwenye ubongo wa mnyama mzima ni uzao wa hizo zilizotoka kwenye mfuko wa kiini.

Zikishafika zinafanya kazi za kila namna. Mkono wa mtoto huanza ukiwa bapa, vidole vimeshikana. Seli za katikati hufa kwa mpango maalumu na makrofaji huzimeza, nafasi zikabaki. Mishipa midogo ya damu inayohitajika kwa muda tu ndani ya jicho huondolewa kwa msaada wao. Mifereji ya maziwa kwenye titi la panya haitoi matawi vizuri zinapokosekana. Kongosho si mahali pekee, basi. Ni mfano mmoja wa jambo pana.

Sasa ushahidi wa kongosho. Nitaueleza kwa utaratibu kwa sababu kijana wako atataka kujua tunajuaje, na ana haki ya kuuliza.

Kuna panya wa maabara wenye kasoro kwenye jeni inayotengeneza ishara iitwayo CSF1. Bila ishara hiyo makrofaji nyingi haziishi wala haziongezeki. Panya hao huzaliwa na mifupa mizito kupita kiasi na meno yao hayatokezi, kwa sababu seli zinazokwangua mfupa nazo ni za ukoo wa makrofaji na zinategemea ishara hiyohiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa na Marekani waliyatazama makongosho ya panya hao na kukuta seli za insulini zimepungua sana, visiwa vyenyewe vikiwa na umbo lisilo la kawaida. Mtu makini angepinga: mnyama huyu ana kasoro mwili mzima, hawezi kula vizuri, amedumaa, huenda kongosho limedumaa pamoja naye. Pingamizi hilo lina nguvu. Ndiyo maana naliheshimu zaidi jaribio lililochapishwa mwaka 2005. Watafiti walilitoa kongosho changa la panya likiwa na siku 12 na nusu tangu mimba kutungwa, wakalikuza ndani ya sahani ya maabara, mbali na meno na mifupa na tumbo lenye njaa, kisha wakaongeza ishara ya CSF1. Makrofaji zikaongezeka. Na seli zinazotengeneza insulini zikaongezeka pia.

Bado swali la nani anaiambia seli ihame. Mwaka 2014 kundi la Marekani lilionyesha kwamba makrofaji, zikiwa katika hali inayofanana na ile ya mtoto tumboni, hali ya kukarabati na si ya kupigana, huzisukuma seli changa za kongosho kufanya mambo mawili: kuacha kugawanyika na kuanza kusogea. Ni mambo yaleyale mawili niliyokuomba uyashike. Walipopandikiza kongosho changa pamoja na makrofaji za namna hiyo ndani ya panya, seli zilizoshika njia ya kuwa za visiwa ziliongezeka. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilirudi nyuma kurasa kadhaa kuhakikisha sijasoma vibaya, kwa sababu unamaanisha kwamba seli ya kinga haifagii tu mabaki baada ya wengine kujenga. Inashiriki kuamua.

Haya mengi ni ya panya, na panya si mtu. Kwa binadamu tunacho cha kuona: watafiti wa Ufaransa walieleza mwaka 2006 kwamba kongosho la binadamu katika wiki zake za mwanzo, kuanzia ile ya 6, lina makrofaji kwa wingi, na kwamba hali hiyo ni ya kipindi hicho. Na tunacho cha kujaribu. Mwaka 2024 kundi la Toronto, Kanada, lilichukua seli shina za binadamu, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingi, likatengeneza kutokana nazo makrofaji za aina ya mfuko wa kiini, likaziweka pamoja na seli changa za kongosho zilizotengenezwa maabara. Seli nyingi zaidi zikashika njia ya kuwa za kutengeneza homoni. Toronto ni mji uleule ambako Banting na Best walipata insulini mwaka 1921, na ambako kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini Januari 1922. Dawa anayodungwa binti yako ilianzia huko.

Basi tufike kwenye lile lililokuchanganya: mbona zikabomoa?

Zilizobomoa, kwa sehemu kubwa, ni seli nyingine. Kisukari cha aina ya kwanza ni kazi ya seli T, aina nyingine ya chembechembe nyeupe za damu. Hizi hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, juu ya moyo, na huko hupimwa moja moja. Seli T ikionyesha kwamba itashika kwa nguvu kitu ambacho ni mali ya mwili wenyewe, huuawa au hugeuzwa kuwa mlinzi wa amani. Thaimasi hutengeneza hata insulini kidogo sana, si ya kushusha sukari, bali ya kupimia seli T kama zitaigeuka. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba watu waliorithi namna fulani ya jeni ya insulini hutengeneza zaidi ndani ya thaimasi, na hao ndio wenye kinga zaidi dhidi ya ugonjwa huu. Wanaotengeneza kidogo huruhusu seli T mbaya zaidi kupenya. Jeni nyingine, hasa zile za HLA, zinazosaidia kinga kutambua kilicho chake na kisicho chake, huongeza au kupunguza uwezekano, na juu yake huja jambo la mazingira. Virusi vinavyoambukiza utumbo ndivyo vinavyoshukiwa zaidi. Kula sukari hakumo kwenye orodha hiyo, wala binti yako hajarogwa na mtu.

Nyakati nazo ni tofauti. Watoto wenye jeni za hatari wamefuatiliwa tangu kuzaliwa katika nchi kadhaa, wakipimwa damu mara kwa mara kutafuta alama za kwanza za mashambulizi. Alama hizo kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia miezi 9 hivi hadi mwaka wa 2 au wa 3, mtoto akiwa ameshazaliwa na kongosho lake likiwa limeumbika vizuri. Kisha mashambulizi huendelea kimyakimya kwa miezi au miaka hadi seli za beta zinapokuwa chache mno, ndipo kiu na mkojo huanza. Kwa hiyo binti yako alizaliwa na visiwa vyake vyote. Ulimzaa mzima.

Je, makrofaji hazina hatia yoyote? Zinayo kiasi, na hapa jambo hili linanivutia kupita yote. Ndani ya kila kisiwa cha kongosho la mnyama mzima mna makrofaji chache. Mwaka 2015 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba katika panya makrofaji za visiwani hazina asili moja na zile za tishu ya pembeni: za visiwani hutokana na damu ya hatua za baadaye, na miongoni mwa zile za pembeni ndimo bado zimo zenye asili ya mfuko wa kiini. Makrofaji za visiwani hukusanya vipande vidogo vya vitu kutoka seli za beta na kuzionyesha seli T zinazopita. Kwa mtu mwenye seli T zilizopimwa vizuri, hakuna linalotokea. Kwa mwenye seli T mbaya, maonyesho hayo ndiyo huwasha moto. Mwaka 2017 watafiti wa mji huohuo waliwachukua panya wa aina inayopata kisukari cha kinga chenyewe bila kufanyiwa chochote, wakawapa wakiwa wachanga dawa inayozuia ishara ya CSF1 isipokelewe. Makrofaji za visiwani zikapungua, na panya waliougua wakapungua sana.

Tazama hilo kwa makini, mama, na mwonyeshe kijana wako. Ishara ni ileile. Ukiikosa tumboni, seli za insulini hazitoshi. Ukiizuia baada ya kuzaliwa, kwa mnyama aliyerithi hatari, seli za insulini zinaokoka. Kwa hiyo hakukuwa na seli njema iliyogeuka kuwa mbaya ndani ya mwanao. Kulikuwa na seli za ukoo mmoja zinazofanya kazi tofauti kulingana na umri wa mwili, mahali zilipo, na nani amesimama karibu nazo. Wala usidhani kwamba dawa ya kuzuia CSF1 ingempa nafuu mtoto. Makrofaji zinahitajika kwenye mifupa, ini, mapafu na kila mahali, na jaribio lile lilikuwa la kuelewa ugonjwa.

Kuna watoto wachache ambao hali yao ni nyingine. Mtoto anayepata kisukari kabla ya miezi 6, mara nyingi tatizo lake si kinga kabisa bali kasoro ya jeni moja, na anafaa apimwe jeni, kwa sababu baadhi yao hutibiwa kwa vidonge badala ya sindano. Na kuna kasoro adimu ya jeni ya FOXP3, ambayo huwakosesha watoto wa kiume zile seli T za kutuliza. Hao wanaweza kushambuliwa kongosho wakiwa wachanga sana. Nimewataja kwa sababu swali lako linawagusa. Binti yako, kwa umri aliougua, si mmoja wao.

Sasa malaria. Ulipougua, kinga iliyochemka ilikuwa yako. Vimelea vya malaria hupenda kujificha kwenye kondo la nyuma, seli nyekundu zilizoambukizwa hushikamana humo, na makrofaji za mama hukusanyika kupambana nazo. Damu yako na ya mtoto hazichanganyiki ovyo, kondo huzitenganisha. Makrofaji zilizokuwa zikifanya kazi ndani ya kongosho la mtoto zilikuwa zake mwenyewe, zilizotoka kwenye mfuko wake mwenyewe. Tena mimba ya miezi mitatu kongosho limeshaungana na seli za kwanza za insulini zimeshatokea. Na kama malaria ingekuwa imezuia ujenzi, tungeona mtoto anayezaliwa na upungufu wa insulini, si mtoto anayekua vizuri kwa miaka 7 kisha anaugua.

Sisemi malaria ya mimba ni jambo dogo. Humpunguzia mama damu, na mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, na uzito mdogo wa kuzaliwa unahusishwa na kisukari cha aina ya pili ukubwani, ambacho ni ugonjwa mwingine. Kwa hiyo ukipata mimba tena kando ya ziwa hili, lala chini ya neti na usikose dozi za SP, dawa ya kukinga malaria, wanazotoa kliniki kuanzia miezi minne. Fanya hivyo kwa sababu hizo, si kwa kuogopa yaliyompata binti yako.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja mwishoni, kama elimu hii itamletea mtoto wako kitu. Majaribio ya kuwapandikizia wagonjwa seli za visiwa zilizotengenezwa kutokana na seli shina yameshaanza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 walikuwa wameacha kudungwa insulini baada ya mwaka mmoja. Lakini hao hulazimika kumeza dawa za kukandamiza kinga kila siku, zenye madhara yake, na kwa mtoto wa miaka 9 mimi nisingeshauri abadilishe sindano kwa hizo. Ninachotazamia ni kwamba tukielewa jinsi makrofaji za mwanzo zinavyozisaidia seli changa kukomaa na kuvutia mishipa ya damu, tutaweza kutengeneza visiwa vinavyodumu zaidi. Kwa sasa insulini, kupima sukari na chakula kwa mpangilio ndiyo tiba, na mtoto anayeipata anakua, anasoma na kuzaa kama wengine.

Na mdogo wake. Katika tafiti za Ulaya na Marekani, ndugu wa mgonjwa hupata ugonjwa huu kwa takriban mmoja kati ya 20. Maana yake wengi mno hawapati, ila ni zaidi ya mtoto wa jirani. Huwezi kuuzuia kwa chakula wala kwa dawa ya kienyeji. Unachoweza ni kuutambua mapema. Akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa mara nyingi, kulowesha kitanda wakati alikuwa ameshaacha, au kukonda huku anakula, mpeleke siku hiyohiyo. Hatari kubwa kwetu huku ni kwamba mtoto mwenye sukari iliyopanda sana hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa nguvu na kulegea, na kila mtu hufikiria malaria, taifodi au nimonia. Kama utamkuta katika hali hiyo, usisubiri majibu ya malaria peke yake. Omba wamtoboe kidole wampime sukari palepale, na uwaambie dada yake anatumia insulini.